Aliyesema Hapo Ni Nani?

Mkwe wangu mshonaji alipofiwa na mtoto wake mchanga, akina mama wa maombi walikuja kutufariji. Waliimba, wakanywa chai. Wakati wa kuaga, kiongozi wao akafungua kitabu cha Ayubu, akasoma mstari mmoja: watoto wakifa, dhambi ipo. "Jichunguze, mwanangu. Neno ndilo limesema, si mimi."

Basi kazi ya mkwe wangu ikawa kujichunguza. Alitubu hata biskuti alizodokoa utotoni. Cherehani kimya, vitambaa vya watu vimelala mezani. Nilimpa uji kijiko kwa kijiko. Lakini ningebishanaje na Biblia? Asubuhi moja nikamkuta anafunga begi.

"Mama, niacheni nirudi kwetu. Mwanao aoe mwingine asiye na laana."

Nikampigia simu binti yangu kitinda mimba, yule aliye chuo cha theolojia. Kaka yake, mume wa mkwe wangu, humcheka eti anasoma miaka yote hiyo kumtafuta Mungu, kwani Mungu kahama? Akaja siku hiyohiyo, akakalia lile begi.

"Ondoka hapo, wifi, nitachelewa basi."

"Siondoki. Nisomee huo mstari wako."

Akausoma.

"Haya. Aliyesema hapo ni nani?"

"Si Mungu?"

"Rudi juu, sura inapoanza."

Akarudi, akafuatisha kwa kidole. "Ni rafiki yake Ayubu."

"Sasa nenda mwisho wa kitabu, uone Mungu alivyowaambia hao marafiki."

Na mimi nikasogea na miwani yangu. Kumbe Mungu amewakasirikia! Anawaambia hawakusema kweli juu yake.

"Wifi," binti yangu akasema, "umebeba maneno ambayo Mungu mwenyewe aliyakataa. Haya ndiyo tunayosomea kule: nani anasema, anamwambia nani, na Mungu akasemaje. Mumeo acha acheke."

"Na mwanangu, kwa nini alikufa?"

"Sijui, na sitakudanganya. Ila hukumuua wewe."

Mkwe wangu akaangua kilio. Siku zote zile alilia kama mshtakiwa. Siku hiyo alilia kama mama aliyefiwa. Nikamshika, nikamwacha alie mpaka akachoka mwenyewe, akaniuliza kama jikoni kuna chochote cha kula.