Marehemu Alihudhuria Kikao

Jumanne asubuhi Nuala Tarpey alikuwa anakanda mkate wa magadi jikoni kwake aliposikia redio ikisoma jina lake. Redio yetu husoma matangazo ya vifo kila asubuhi baada ya habari, na wakati huo Kilcreevan nzima hunyamaza. Mtangazaji alisema Nuala, mfamasia mstaafu, amefariki dunia ghafla, kwamba waombolezaji watapokewa nyumbani kuanzia mchana, na kwamba mazishi ni Alhamisi. Nuala alichora msalaba juu ya mkate kwa kisu, akautia kwenye oveni, akanawa mikono. Kisha akampigia simu Eugene Scahill.

Eugene ana duka la misumari na rangi, na nyuma ya kaunta anaendesha ukurasa wa Habari za Kilcreevan mtandaoni. Redio huchukua habari zake bila kuuliza, maana Eugene ni mtu wa hapa na anatujua sote.

"Eugene, ni Nuala. Sijafa."

"Pole sana, Nuala. Nimeumia kweli."

"Futa hilo tangazo."

"Nitafutaje sasa? Angalia komenti zilivyo, watu wanalia humo. Nikifuta nitaonekana sina utu."

"Nani alikupa habari?"

"Chanzo cha kuaminika," alisema Eugene, na kwa heshima ya marehemu akamwacha Nuala akate simu kwanza.

Mdogo wake Nuala, Malachy, ambaye amekuwa akiishi naye tangu afiwe na mke, alikuwa mezani anasoma rambirambi kwenye simu. Aligundua jambo moja, akamwonyesha dada yake. Tangazo la Eugene lilikuwa limetoka alfajiri ya siku hiyo. Rambirambi ya Diwani Redmond Kilgarriff, ndefu, yenye picha ya mshumaa, ilikuwa imebandikwa jana yake jioni.

"Huyu bwana kawahi," alisema Malachy.

"Kesho ni kikao," alisema Nuala.

Juu ya Kilcreevan kuna machimbo ya zamani ya mawe, mali ya shemeji yake Kilgarriff. Malori humwaga humo vitu ambavyo hakuna anayeuliza ni nini. Tangu yalipoanza kuja, maji ya bomba hutoka ya hudhurungi na kunuka mafuta ya taa. Malachy ana figo mbovu, na daktari amemwambia wazi kwamba maji yale yatammaliza. Kwa hiyo Nuala huteka maji kwa binamu yao ng'ambo ya mto, akayaleta kwa madumu ndani ya gari, na kila Malachy anapopeleka birika kwenye bomba, humwambia, "Usinywe hayo." Malachy hujibu, "Sawa, mkuu," akamwaga. Jumatano halmashauri ya kaunti ilikuwa iamue kama malori yaendelee kwa miaka mingine ishirini. Kanuni ilisema pingamizi halihesabiki mpaka mpingaji asimame na kulisema kwa kinywa chake. Katika Kilcreevan yote mpingaji alikuwa Nuala peke yake. Wengine tulikuwa na shughuli.

Ilipofika mchana watu walianza kuingia. Huku kwetu hatuna mchezo na misiba. Mtu huacha ng'ombe bila kukamuliwa lakini msiba haukosi. Wa kwanza alikuwa jirani, Philomena Duggan, na sinia la sandwichi chini ya kitambaa. Alisimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo kwa shuka, kama desturi ya msiba, kisha akamtazama Nuala aliyekuwa anakata mkate.

"Umependeza, jamani. Unaonekana umepumzika."

"Sijapumzika, Philomena. Nakata mkate."

"Ndivyo ulivyokuwa," alisema Philomena, akijifuta macho. "Kazi tu mpaka mwisho."

Nuala alikuwa tayari ameona kwamba mkate ulipotoka ovenini haukutoa mvuke mkononi mwake, na kwamba mbwa anakizunguka kiti chake badala ya kulala miguuni. Alivaa sweta nyingine. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Kila aliyeingia alimpa Malachy mkono na kusema, "Pole kwa msiba," kisha akampa Nuala mkono pia, kwa kuwa alikuwa amekaa palepale, akasema, "Pole, Nuala," akaenda kutafuta chai. Chai hiyo waliipika kwa maji ya madumu. Philomena aliyanusa kwanza.

Diwani Kilgarriff aliingia bila haraka. Hajawahi kukosa mazishi kaunti hii, ndiyo maana tunamchagua. Aliushika mkono wa Nuala kwa mikono yake miwili.

"Umekuwa wa baridi," alisema kwa upole.

"Redmond, uliandika rambirambi kabla sijafa."

Watu waliangalia vikombe vyao. Kubishana msibani ni kukosa adabu, na kila mmoja alifurahi kuona Diwani habishani.

"Tena mnamwaga sumu machimboni," Nuala aliendelea. "Ninayo kwenye chupa. Kesho nakuja nayo kikaoni."

Kilgarriff alimgeukia Malachy. "Alikuwa msema kweli," alisema. "Tutamkosa sana." Kisha akala sandwichi mbili, akaulizia figo za Malachy, akaenda.

Jumatano Nuala alivaa koti lake zuri, akaiweka chupa mfukoni, na Malachy akaendesha gari mpaka ukumbi wa halmashauri. Mlinzi alimsimamisha Malachy aandike jina. Nuala hakusimamishwa. Alikaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha wapingaji, ambacho tayari kilikuwa kimewekewa shada la maua, akalishika mapajani.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani, alifungua kikao kwa huzuni. Alisema kabla ya ajenda ya machimbo wangesimama dakika moja kumkumbuka Nuala Tarpey, mpambanaji wa haki za wananchi. Madiwani wote walisimama wakainamisha vichwa. Nuala naye alisimama, na kwa vile hakuwa na hakika kama angepewa nafasi nyingine, alianza kusema hapohapo. Alitaja vitu vilivyomo majini kimoja kimoja, kama alivyokuwa akisoma dawa kwenye vyeti vya wagonjwa. Alitaja aliyetoa kibali na aliyepokea kodi ya ardhi. Alifungua chupa, na harufu ya mafuta ya taa ikajaa ukumbini. Diwani mmoja alifungua dirisha taratibu, asivuruge ukimya.

"Tunawashukuru," alisema Mwenyekiti, wakakaa. "Ajenda ya nne. Naona mpingaji ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakuna pingamizi."

Malachy alinyanyuka. "Dada yangu yuko hapa! Amekaa hapa! Ametoka kusema sasa hivi!"

"Malachy, ndugu yetu," alisema Mwenyekiti, na machozi yalimlengalenga kweli. "Sote tunahisi hivyo."

Kibali kilipita bila kura. Mimi nilikuwepo, nikasimama na wenzangu na kuinamisha kichwa, na ile harufu niliisikia.

Alhamisi asubuhi majirani walichimba kaburi, kama ilivyo desturi, kila nyumba na koleo lake. Walipofika kimo cha kifua, maji meusi yakaanza kupenya upande wa mlimani, yenye utando wa rangirangi juu yake. Buti za mume wa Philomena zililainika soli. Wachimbaji waliyatazama maji, wakatazama juu machimboni, wakatazamana.

"Mvua zilikuwa nyingi," alisema mmoja.

"Nyingi mno," wakasema wengine.

Kilgarriff, aliyekuwa amewahi kufika, alipiga simu mara moja, na ndani ya saa moja pampu ya halmashauri ikaletwa. Kwa miaka mitatu Nuala alikuwa ameomba pampu hiyo isafishe kisima cha mji. Ilinyonya kaburi vizuri, na maji yake yakaelekezwa mtoni.

Nuala alitembea nyuma ya jeneza lake, kando ya Malachy. Lilikuwa tupu, lakini waliolibeba walisema lilikuwa zito. Padri alisali. Kilgarriff alizungumza kwa muda mrefu juu ya uadilifu, akasema kaunti imepoteza mwanamke asiyenunulika, na hakuna neno hata moja alilosema lililokuwa la uongo. Udongo ulipoanza kushuka, Nuala alimshika Malachy mkono. Malachy alisugua vidole vyake, akaitia mikono mfukoni.

Ijumaa ukurasa wa Eugene ulitoa marekebisho. Ulisema katika tangazo la Jumanne kulikuwa na kosa ambalo wanalijutia, kwani Habari za Kilcreevan inathamini usahihi kuliko yote: marehemu alikuwa na umri wa miaka sitini na mbili, si sitini na tatu. Watu wengi walilaiki. Diwani Kilgarriff aliandika kwamba vyombo vya habari vinavyokubali makosa ni hazina ya taifa.

Jumamosi madumu yalikuwa yamekwisha. Nuala alijaribu kuwasha gari, lakini halikumwitikia. Alirudi jikoni, akakaa kwenye kiti chake, na mbwa akakizunguka. Malachy aliingia, akachukua birika, akalipeleka bombani. Maji yalitoka ya hudhurungi. Aliyaacha yatiririke mpaka yakapungua rangi, akakinga.

"Usinywe hayo," alisema Nuala.

Malachy aliweka birika juu ya jiko, akangoja lichemke, akamimina chai. Alikaa mezani mbele ya kile kiti. Kwa mazoea alikuwa ametoa vikombe viwili.

"Malachy. Usinywe hayo, mdogo wangu."

Malachy alikitazama kiti kwa muda.

"Angekuwepo sasa hivi," alimwambia mbwa, "angenikataza." Akatabasamu kidogo, akakoroga sukari, akanywa.