Picha ya Mpaka wa Masale

Mwalimu Winfrida alikuwa amefuta picha. Usiombe uzembe kama ule ukukute. Klabu ya picha ya shule yao, huko Kilema, ina kamera moja na kadi moja, na kila Ijumaa baada ya vipindi kadi husafishwa ili watoto wapate nafasi. Mchana ule alifuta zote kwa mazoea, kama anavyofuta ubao, ndipo akakumbuka picha ya Yuditha, aliyokuwa akiiruka kila Ijumaa.

Wiki tatu nyuma aliwapa zoezi la kutafuta mistari. Wengine walileta picha za nyaya za umeme. Yuditha wa darasa la sita alileta safu ya masale, mimea ya majani marefu, ambayo babu yake aliipanda kuwa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, alilomwachia marehemu baba yake Yuditha, na mbele yake mti mzee wa kahawa uliopinda. Siku chache baadaye masale yakakutwa yamesogezwa hatua kumi na mbili, mti wa kahawa umebaki upande wa pili. Kastori, baba yake mkubwa ambaye shamba lake linapakana na lao, akaapa kwamba mpaka ulikuwa hapohapo tangu enzi za mzee.

Kikao cha ukoo kilikuwa kesho. Mama Yuditha hakuwa na shahidi mwingine, na Winfrida ndiye aliyemwambia, "Lala usingizi, mama. Picha ninayo." Mjane wa watu akaamini, akawatangazia na majirani.

Sasa watoto wengine walikuwa wameshaondoka. Yuditha alibaki dirishani na kamera, akifanya zoezi la mwanga, na mwalimu alikuwa akitafuta pa kuanzia kumwambia. Mara Kastori akaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Hakukaa. Alitoa ndani ya koti jani la isale lililofungwa fundo, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Huku mlimani isale halikataliwi. Ukiletewa, unasamehe, upende usipende.

"Nimekosa," Kastori alisema. "Shetani alinipitia. Mpaka nitaurudisha taratibu, watu wakishasahau. Lakini ile picha isifike kikaoni. Ifute hapahapa, nikiona."

Mwalimu akiwasha kamera, Kastori ataona picha ile haimo, na kesho ataingia kikaoni kifua mbele. Asipoiwasha, amelikataa isale. Alimtazama Yuditha. Mtoto machozi yalikuwa yanamlenga, maana aliamini picha ya mpaka wa baba yake imo ndani ya kamera ile na mwalimu yu karibu kuifuta.

"Lete hiyo kamera, wewe!" Kastori alisema, jani bado mkononi.

Yuditha aliinua kamera, lakini hakumpa. Alibana viwiko mbavuni, akashusha pumzi kama alivyofundishwa, akabonyeza.

Kastori akacheka. "Unanipiga mimi? Nina uzuri gani?"

Winfrida alielewa kabla yake.

"Baba Kastori, ile picha ya mpaka haipo. Niliifuta mwenyewe leo, kwa uzembe wangu. Yuditha, mwanangu, nisamehe." Kisha akamgeukia mzee. "Ila hii ya sasa ipo. Wewe na isale mkononi. Wazee watakuuliza tu ulimkosea nani."

Kastori aliharakisha kulirudisha jani kotini, akaishia njiani. Hakuna mtu wa Kilema anayebeba isale kwa kutembea tu, na hilo alilijua kuliko wote wawili. Alikuwa amekiri kosa mbele ya kamera isiyo na picha aliyoiogopa.

"Mimi hukunikosea," Winfrida alisema, sasa kwa upole. "Uliyemkosea yuko nyumbani anakatia ng'ombe majani. Mpelekee."

Mzee akatoka bila kuaga. Njia ya kwake hushuka kushoto. Yuditha alimchungulia dirishani mpaka akamwona akipanda ya kulia, ya kwao, ameshika jani mbele kwa mikono miwili.

Winfrida alishusha pumzi, akanyoosha mkono apokee kamera. Yuditha alimpa. Lakini kwanza alichomoa kadi, akaisokomeza ndani ya soksi.

"Hii nitalala nayo mimi, mwalimu," alisema.