Taa ya Kijani Nyuma ya Kompyuta

…basi waya hauna ugonjwa, maana umevutwa dirishani kutoka kwa jirani, na jirani kauchomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi ukashika papo hapo kabla hajaondoka nayo kwenda kazini, tatizo limo humu humu, kwenye kompyuta hii ya mezani ya baba, tundu lake la mtandao, taa ya kijani imekataa katakata kuwaka, na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafungwa saa kumi, sasa ni tisa na nusu, vyeti vya binti vyote vimo humu, akichelewa ni mwaka mwingine wa kushinda nyumbani… "Imekubali?" mama anauliza kutoka jikoni, "Bado, mama," "Ipige kofi, baba yako alikuwa anaipiga kofi," wapi, baba hakuipiga hata siku moja, aliipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea… tangu msiba imekaa chini ya kitambaa cha meza, naye tangu msiba hajakanyaga darasani… azime, awashe, abonyeze F2 upesi upesi kama vidole vya baba, ta-ta-ta-ta, huo ukurasa wa bluu wa mipangilio ya mashine, baba aliufungua kila jioni akiuziba kwa mgongo wake mpana, kisha anageuka, uso mkavu, "Mtandao umegoma tena, binti yangu, wewe soma kwanza," naye ananuna, "Hao watu wa mtandao wanalala na kuku au vipi?" na baba anakohoa kikohozi cha uongo… asubuhi mtandao mzima kabisa… anashuka mstari kwa mstari, saa, diski, sauti, mtandao wa waya wa ndani: umezimwa. Umezimwa! Haujaharibika, mtu aliuzima kwa mkono wake… lo, baba, mjanja wewe, miaka miwili binti kawatukana watu wasio na kosa… anacheka, machozi haya hapa, jioni ile ya mwisho aliuzima akaenda kulala, asubuhi hakuamka kuuwasha… kidole kiko juu ya kitufe na hakishuki, akiwasha atakuwa amefuta kazi ya mwisho ya mkono ule… "Vipi, imekubali?" "Bado, mama"… taa bado giza, na baba yule wa kila asubuhi, kikombe cha chai mkononi, hagusi kitu kabla hajauliza, "Umemaliza kusoma?" naye siku zote alijibu ndiyo, hata kitabu hajakifungua… "Bado, baba," anasema polepole, safari hii bila uongo, kidole juu ya kitufe, "ndiyo maana nauwasha."