Namna ya Kumvua Stelingi Uhusika

Usiku wa jana niliota nafungua vifungo vya mwigizaji wa Marekani aitwaye Verna Ostrander. Nilipewa kazi hiyo, niliambiwa, kwa sababu nina vidole vyenye subira.

Tuko katika chumba cha kuvalia, nyuma ya jukwaa la ukumbi mmoja wa New York. Verna amepita miaka tisini. Amekaa mbele ya kioo, mnene kama kabati, lakini unene huo si wa mwili. Watu husema mwigizaji fulani amevaa uhusika. Yeye ameuvaa kweli, na kila alipopewa mwingine aliuvaa juu ya ule wa zamani bila kuuvua. Juu kabisa amevaa jaji. Chini ya jaji yupo malkia, chini ya malkia muuguzi wa vita. Nikiinua pindo naona, ndani kabisa, aproni ya mtumishi wa nyumbani, uhusika wake wa kwanza jukwaani, wenye sentensi moja tu: "Chai tayari, bwana."

Anafungua mdomo. Inatoka sauti ya mwanamume, nzito, yenye mikwaruzo, tena inachelewa kidogo nyuma ya midomo. Ni sauti ya yule jamaa anayetafsiri filamu kwenye mabanda ya video.

"Oya, mwanangu," anasema Verna Ostrander. "Mimi nimechoka, bwana. Hebu fungua hapo mgongoni, niende kwa mzee wangu."

"Mzee yupi, mama?"

"Edwin. Mume wangu. Alikuwa mnong'onezi, yule anayekaa nyuma ya pazia na kumtajia mwigizaji maneno aliyoyasahau. Mimi nilikuwa nasahau sana, ndiyo maana akanioa. Sasa amekufa, lakini kazi hajaacha. Yupo nyuma ya pazia, ananitajia neno linalofuata, na mimi silisikii."

"Kwa nini?"

"Makofi, mwanangu. Hayaishi."

Nasikiliza. Ni kweli. Nje ya mlango makofi yanamwagika kama mchanga unaoshushwa kwenye lori.

Naanza kazi. Uhusika wa jaji unakubali kufunguliwa baada ya kusikiliza pande zote mbili. Ule wa malkia unagoma.

"Hiki ni kifungo cha maisha," unaniambia, ukionyesha kifungo cha dhahabu shingoni. "Hakina rufaa."

"Jaji amekwisha kuvuliwa," naujibu. "Hakuna wa kukutetea."

Unafikiri kidogo, kisha unafunguka. Wa muuguzi unajivua wenyewe, unajikunja, halafu unaniuliza kama nimenawa mikono.

Kabla sijajibu, makofi yanapanda. Vifungo vyote vinajifunga upya kuanzia chini, na jaji anarudi mahali pake. Hapa hakuna hila ya vidole. Nafungua mlango niwaombe watazamaji watulie.

Nje si New York. Ni banda la video la Bi Zamda Mkude, Kihonda, Morogoro, saa nane mchana. Jiografia haikupinga, nami sikupinga.

Mstari wa mbele ameketi bwana mmoja mwenye tai, mkoba umelala mapajani. Ananipa mkono. Ni Kifo.

"Nimemjia mara nyingi," anasema. "Mwenyewe yuko tayari. Ila tazama."

Anasimama. Banda zima linalipuka: "Stelingi hafi! Stelingi hafi!" Makofi yanatikisa mabati. Kifo anaketi.

"Umeona? Ataanguka ghorofani, atapigwa risasi, lakini mhusika mkuu hafi. Ni sheria ya banda. Mimi ni mtumishi tu."

"Mzee, rudi kwenu!" anapiga kelele jamaa mmoja wa nyuma. "Huyo bibi ataamka tu, sisi tunamjua!"

Bi Zamda ananishika mkono. "Mwalimu, wewe si umesoma? Waambie basi, huyu ni stelingi au si stelingi? Yuko kwenye skrini yangu tangu asubuhi, na watu wengine wanataka mpira."

Ningeweza kusema uongo. Lakini miaka yote, jukwaani na kwenye filamu, jina lake lilitangulia mengine. Nasema, "Ni stelingi. Hilo halina ubishi."

Banda linashangilia. Verna, mlangoni, anafungwa vifungo hadi kidevuni. Ananitazama.

"Mwanangu, umeniua," inasema ile sauti nzito. Kisha anajisahihisha. "Hapana. Hujaniua. Ndiyo shida yenyewe."

Namgeukia Bi Zamda. "Stelingi hafi, sawa. Na filamu?"

"Filamu inaisha, mwalimu. Isipoisha nitakula nini?"

"Basi hii inaisha lini?"

Anaitazama skrini. Anamtazama Verna, anayepumua kwa shida chini ya watu wote wale. Anajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Hii iliisha zamani," anasema. "Nilikuwa naiacha tu. Nampenda."

Anageuka. "Jamani, filamu imeisha. Na leo asipige mtu makofi. Kalieni mikono."

"Hata kidogo, shangazi?" anauliza yule jamaa wa nyuma. Sauti yake imepungua.

"Hata kidogo."

Banda linakalia mikono. Nami naketi kwenye kiti cha plastiki chenye vitundu vya mraba na kukalia yangu. Si rahisi. Mikono inasukuma kutoka chini, inataka kutoka. Naikandamiza.

Kimya kinaingia. Jaji anaanguka, malkia anaanguka, muuguzi anajikunja. Anabaki mtumishi, anayesema sentensi yake, "Chai tayari, bwana," taratibu, bila kukatizwa na mtu, kisha naye anadondoka. Anabaki mwanamke mdogo mwembamba aliyevaa gagulo, binti wa kinyozi wa Toledo, Ohio. Anatetemeka kwa baridi.

Ndipo sote tunasikia mnong'ono nyuma ya pazia.

"Verna. Koti lako ninalo mimi."

"Ulilitoa wapi?" anauliza. Ni sauti yake mwenyewe, nyembamba, na haichelewi. "Nimelitafuta kila mahali."

Kifo anasimama. Hakuna anayemzomea. Anamshikia pazia, na Verna anapita bila kuinama kwa watazamaji, kama mtu anayeingia kwake. Nyuma yangu yule jamaa analia huku amekalia mikono. Hakuna aliyepiga makofi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilikuwa chali, mikono yote miwili chini ya mapaja, imekufa ganzi. Niliitoa nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

Nalala kwenye godoro, juu ya shuka laini lisilo na hata mshono, na nyumbani kwangu viti vyote ni vya mbao. Viganja vyangu vilikuwa na alama za vitundu vya mraba, safu kwa safu, nyekundu.

Sikuvisugua.