Mvua ya Kwanza Kwenye Lundo

Mvua ilikuwa haijakata, naye yuko chini ya lundo la mabaki ya mgodi anazibua mfereji. Kwenye karatasi za kazi yeye ni mlinzi, ila mvua ikinyesha anageuzwa mzibua mitaro, mbeba mawe na mtu wa kutukanwa. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye lundo yalikuwa na rangi ya kutu, yanamwasha kwenye nyufa za vidole. Yalikuwa yanateremkia kisima anachochota mkewe, mwenye mimba ya miezi saba.

Lakini hii mvua aliisubiri kwa hamu. Shemeji yake, mume wa dada yake, ni mpima maji wa serikali. Mwaka jana alikaa kwake, akala akashiba, akamweleza: kiangazi zebaki inalala tu kwenye mchanga, upime mara kumi huambulii kitu. Mvua ya kwanza ikipita kwenye yale mawe, maji yanageuka makali kama ya betri, yanaing'oa zebaki na kuishusha kisimani. Hapo ndipo pa kupima. Kisima kikikutwa kibaya, mgodi utalazimishwa kuvuta bomba. Akaapa siku hiyohiyo atakuja.

Mlinzi akampigia simu shemeji mpaka chaji ikakata. Hola. Akajaza chupa ya kioo, akakaza kifuniko, akaacha lindo na kwenda ofisi ya mgodi na matope yake.

Watu walikuwa wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Karatasi ilisema kisima ni salama, hakuna haja ya bomba. Tarehe ilionyesha maji yalichotwa katikati ya kiangazi, vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Chini, kwenye nafasi ya shahidi wa wakazi, kulikuwa na sahihi yake mwenyewe.

Aliikumbuka ile siku. Shemeji alimwambia ni fomu ya kuomba bomba, weka sahihi hapa. Akaweka. Nani anakaa kusoma karatasi ya shemeji yake?

Alimkuta ndani, anakunywa chai. Shemeji hakushtuka. Akaanza hadithi za wakubwa, za gari la mgodi lililomfuata, kwamba yeye ni dagaa tu. Mlinzi akaitua chupa mezani.

"Pima hii, shem."

"Ripoti imeshafungwa."

"Na sisi tunaokunywa?"

Shemeji akatazama mlango, akashusha sauti. "Dada yako nilimkataza mapema asinywe maji ya huku. Nilidhani atakwambia."

Mlinzi akamwona dada yake, kila akija kuwatembelea, anasogeza kikombe pembeni. Eti hana kiu. Na wifi yake, mke wa mlinzi, anamjazia tena.

Mlinzi akachukua kalamu ya pale mezani, akatoka, akapenya mpaka kwenye ubao. Karani akamwonya kuwa ile karatasi ina muhuri, ukiigusa ni jela. Mlinzi akaikata sahihi yake mistari mitatu, karatasi ikachanika. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa, zilizopinda: WALIPIMA KIANGAZI.

Mama mmoja mwenye ndoo akauliza, kwani kiangazi kina nini. Akaanza kumweleza, mawe, mvua, ule ukali, na watu wakasogea.

Karani akaita mlinzi wa geti. Akaja, sare zao moja, akamshika mkono bila kukaza.

"Ongea haraka, kaka," alimnong'oneza. "Nimeambiwa nikutoe."