Aliyekatwa Ukingoni

Mkono wa kaka yangu ulikuwa pembeni mwa picha, umeshika dumu, na juu ya kiwiko hapakuwa na kitu. Picha yenyewe ilibandikwa kwenye dirisha la studio ya Hirsi, karibu na soko la Garissa: wapagazi wawili wakigombania gunia la miraa, vumbi limewafika kiunoni, mbuzi akipita katikati yao kana kwamba barabara ni yake. Watu walisimama kutazama ugomvi. Mimi nilitazama dumu. Mpini wake ulifungwa kitambaa cha buluu, kipande cha sare yangu ya shule. Nilikifunga mwenyewe, Alio alipolalamika kwamba dumu linamkata vidole.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya mafuriko makubwa. Alio aliuza maji ya mto Tana kwa mkokoteni wa punda. Ijumaa moja alitoka alfajiri. Jioni wakakuta madumu yake yakielea, kisha wakamkuta yeye kwenye matete. Hapakuwa na mtu aliyesema alimwona siku hiyo. Mama hakuuliza juu ya kifo, hicho alimwachia Mungu. Aliuliza tu mwanawe alikuwa na nani, alizungumza na nani. Tangu mazishi hakuvuka kizingiti. Mimi sikuweza kukaa. Niliranda mjini mchana kutwa, kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Hirsi aliishi kwa picha za vitambulisho, lakini saa za jua kali alifunga studio akaingia mitaani, kamera chini ya koti. Hakuiinua hadi jichoni. Wanawake wangemtukana na wapagazi wangemvunja. Alipiga huku anatembea, kutoka usawa wa tumbo, na ndiyo maana picha zake zilikwenda upande, zimejaa magoti, kwato na mitaro michafu. Kazi yenyewe, alisema, hufanyika baadaye, kwa kukata.

Nilimwuliza mkono ule ni wa nani. Hakujua. Nikamwambia, na nikamwuliza alipiga lini. Ijumaa ile ile, kabla ya swala.

Akaitafuta filamu, akaishika mbele ya mwanga.

"Nilimkata, abaayo," alisema, akiniita dada kwa Kisomali. "Alikuwa anaharibu ukingo."

Mkewe, Sahara, aliketi nasi katika chumba cha giza kwa ajili ya heshima, akilalamikia harufu ya dawa, kwamba ameolewa na chupa. Chini ya taa nyekundu Hirsi alinionyesha pembe mbili za karatasi nyeusi, kila moja kama herufi L, anazozisogeza juu ya picha mpaka isibaki na mgeni. Kisha, kwa huruma, akamkuza Alio peke yake. Uso ukapanda ndani ya dawa, mkubwa, ukavunjika chembe chembe kama mchanga. Haukuwa na macho.

Nilikataa kuichukua. Nikamwomba achape yote bila kukata: ugomvi, mbuzi, mtaro, kila aliyesimama. Akasema itakuwa picha mbaya, jicho halitapata pa kutulia.

"Nani kakwambia anataka kutulia?" Sahara alimwuliza.

Ninayo hadi leo, na Hirsi naye ameshatangulia. Alio yuko kulia, amegeuza nusu ya mgongo, mguu mmoja hewani. Kando yake mwanamke aliyeketi chini ameinua uso kumwambia jambo.

Siku nilipoileta nyumbani, Mama aliipeleka mlangoni penye mwanga. Nilingoja alie. Kidole chake kilimpita Alio, kikasimama juu ya yule mwanamke.

"Huyu ni Ramlo wa maziwa," alisema.

Akachukua mtandio, akatoka. Nilimfuata hadi kona, akanirudisha kwa mkono.

Alirudi baada ya alasiri, vumbi limempanda miguuni, akaketi. Ramlo hakuwa amejua kwamba maiti iliyozungumzwa sokoni ni ya yule kijana wa maji. Hakuwahi kujua jina lake. Siku ile Alio alisimama kwake akanywa maziwa ya ngamia, akamtania kwamba amevifukiza vibuyu vyake kupita kiasi, maziwa yana moshi kuliko ya nyumbani. Walicheka. Ndipo akateremka mtoni.

Nikauliza kama Ramlo alisema jambo jingine. Mama alikuwa akipitisha ulimi kwenye midomo.

"Nimeyanywa," alisema. "Kweli yana moshi."