Mbege ya Kikao

Mume wangu Primus aliuza ng'ombe wetu mwenye mimba, fedha zote akazimalizia kwenye gongo, akarudi nyumbani anaimba. Uru nzima ilijua kabla yangu. Maziwa ya yule ng'ombe ndiyo yaliyotununulia unga na madaftari ya mwanangu Pamela. Kingine hatukuwa nacho.

Mnunuzi alikuwa Jovin, mchinjaji wa Bomang'ombe. Nilipompigia simu alinijibu kiungwana: hachinji mpaka Jumamosi ya gulio, wazee wa ukoo wakija kumwahidi kwamba fedha zake zitarudi, atamrudisha ng'ombe na kulipwa polepole. Nilifurahi, nakuambia, nikapiga ishara ya msalaba pale pale jikoni.

Nikamwendea mzee Filemon, mkubwa wa ukoo wa kina Primus.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Pamela. Nimesikia. Tutakaa kikao."

"Baba, twendeni leo kwa Jovin."

Akanitazama kana kwamba nimekosa adabu. "Jambo la ukoo halizungumzwi kinywa kikavu. Pika mbege kwanza."

"Si ninunue kilabuni?"

"Ya kununua haipatanishi watu. Itoke kihambani kwenu, kwenye migomba yenu wenyewe."

"Ya kupika haitawahi gulio."

"Jovin ni Mchagga. Ataelewa."

Haya, mke atabishana na ukoo? Nikakata ndizi za hiyo pombe, nikazivumbika ziive, nikazichemsha, nikaomba ulezi kwa jirani. Primus hakutoka jikoni, ananusa pipa na kuuliza, "Bado tu?" Nikamwambia shetani hana haya, ila yeye amemzidi. Akacheka. Siku zile alikuwa mpole mno, hata kuni alinipasulia.

Gulio likapita. Jumapili, siku ya kikao, wazee walifika mapema kuliko wanavyowahi misa. Nilikuwa nachuja mbege Jovin alipopiga. Amesubiri vya kutosha, alisema, na jana amechinja. Ndama tumboni alikuwa jike. Nikaweka simu chini nikaendelea kuchuja, maana sikujua nifanye nini kingine.

Nilipowaeleza, mzee Filemon akatikisa kichwa. "Pole sana, mama. Basi kilichobaki ni kupatana."

Primus akapiga magoti, akanipa jani la isale kuomba msamaha. Kwetu isale haikataliwi. Ukilikataa, laana ni yako. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote za ndoa yetu, na jani nikalipokea. Wazee wakapiga makofi, wakasogeza viti karibu na pipa.

Aliyepika ndiye huonja kwanza, wageni wajue haina sumu. Nikachota kata ikajaa. Ilikuwa tamu, imekolea vizuri, na mzee Filemon alishanyoosha mkono kupokea. Nikainywa yote. Nikachota nyingine, nayo nikaimaliza.

"Mama Pamela," Primus akasema taratibu, "tuachie na sisi."

Nikamgeuzia mgongo, nikachota ya tatu.